Hiyo barua inasemaje? Namna ya kuchagua kitenzi unapoeleza kilichoandikwa

Kuna kipindi nilikuwa katibu wa kikundi chetu, siku moja mweka hazina akaleta barua ya kueleza kwa nini hesabu za mwezi zimechelewa, na kazi yangu ilikuwa kuiweka kwa kifupi kwenye muhtasari wa kikao. Nikaandika: "Mweka hazina amekiri kwamba hesabu zimechelewa." Aisee. Hatujafika hata agenda ya pili mama wa watu kasimama, anauliza amekiri nini, kwani kuna mahali ameshtakiwa? Barua yake ilikuwa inatoa taarifa tu, hesabu zimechelewa, sababu ni hii, zitakuja wiki ijayo, basi. Mi kwa neno moja nikawa nimemgeuza mtuhumiwa mbele ya watu wote, na cha ajabu sijaongopa popote, mana hesabu kweli zilichelewa na kweli aliyeandika ni yeye.

Tangu hapo kile kitenzi kinachokaa kati ya maandishi ya mtu na maneno yangu nakiogopa kidogo. Inasema, inadai, inaonyesha, inataja, imebaini, inasisitiza... watu wengi tunavichanganya kama vile vyote ni kitu kimoja, unachukua kinachokuja mdomoni unaendelea na safari. Hapa nimeweka jinsi mi ninavyochagua, hatua kwa hatua, iwe unaandika ripoti ya kazini, insha ya chuo, muhtasari wa kikao, unamsomea mtu barua yake, au mnabishana kwenye grupu kuhusu skrinshoti ambayo nusu ya watu hawajaifungua.

Hatua ya 1: Rudi kwenye maandishi, weka kidole

Usianze na kitenzi, anza na mstari. Tafuta ile sentensi unayotaka kuisimulia, kidole kiwe juu yake kabisa. Kama kidole kimetua mahali pamoja, una haki ya kusema "inasema", "inaeleza", "imeandika", "inataja". Kama kidole kinazunguka kati ya aya tatu na unaunganisha mwenyewe, shuka kidogo, sema "inaonyesha", "inaashiria", "inadokeza". Na kama kidole hakina pa kutua kabisa basi ujue anayeongea ni wewe sio barua, andika "nilivyoelewa mimi" au "nadhani" uwe na amani.

Mfano, mlangoni kuna tangazo: Ijumaa ofisi itafungwa saa tisa alasiri. Mtu anapiga picha ya akili anakuja kuwaambia wenzie "tangazo linasema Ijumaa tunaondoka saa tisa". Hapana. Tangazo linasema ofisi itafungwa. Nani anaondoka na nani anabaki ndani anamalizia kazi, hilo tangazo halijagusa. Inawezekana ni kweli mtaondoka, lakini hiyo "linasema" umeibandika juu ya hesabu uliyopiga kichwani mwako, na ikija kuwa sivyo watu watakwenda kulaumu tangazo la watu bure.

Hatua ya 2: Ni maneno yenyewe au ni maana yake?

Hapa Kiswahili kimetupa zana nzuri ambayo hatuitumii inavyostahili. Ukitaka kutoa maneno kama yalivyo, herufi kwa herufi, una "-andikwa" na "-someka". Kibao kimeandikwa "Usipige picha". Kifungu cha 4 kinasomeka hivi, halafu unaweka nukta pacha unamwaga kifungu chote. Ukishatumia hivi viwili umeahidi kwamba hujagusa kitu, hata makosa ya tahajia unayaacha hapo hapo.

"Inasema" iko katikati, inabeba maneno yenyewe na inabeba pia maana. "Kibao kinasema tusipige picha" ni sawa kabisa, umegeuza "usi" ikawa "tusi" na hakuna atakayekulaumu. Lakini "kibao kimeandikwa tusipige picha", mh, hapo umeshavunja ahadi.

Tahadhari na "kimeandikwa" ni kwamba muundo wake una mtego. Kibao kimeandikwa "Karibu", mlango umeandikwa "Sukuma", fulana imeandikwa jina lake, hizi zinaeleweka kwa sababu hakuna mtu anayeandika mlango. Sasa sema "kitabu kimeandikwa Siri ya Moyo". Jina liko juu ya jalada, au kuna mtu alikaa akaandika kitabu cha jina hilo, au ndani mna hayo maneno? Kwa vitu vinavyoandikwa vyenyewe, vitabu, barua, makala, bora utaje mahali: kwenye jalada pameandikwa, mwishoni mwa barua pameandikwa, chini kabisa kwa herufi ndogo pameandikwa. Hiyo "pa" inasaidia sana, inamwonyesha mtu pa kuangalia.

Simu na kompyuta nazo zina kitenzi chao ambacho hakuna aliyetufundisha ila wote tunakitumia: inaniandikia. "Kila nikijaribu kuingia inaniandikia neno la siri si sahihi." Wengine husema inaniletea. Mi naona ni zuri kuliko "inasema", kwa sababu fundi akikusikia anajua moja kwa moja kuna maandishi yametokea kwenye skrini, na anayataka kama yalivyo. Usimwambie fundi "inakataa". Kukataa kuna namna mia.

Na "imeandikwa" peke yake, bila kusema wapi, iangalie. Wengi wanasikia msahafu au Biblia hapo hapo, kwa hiyo ukiandika "imeandikwa, kila mwanachama achangie" utachekesha kidogo.

Hatua ya 3: Anayesema ni karatasi au ni mtu?

Kwa Kiswahili karatasi kusema ni jambo la kawaida, wala usiruhusu mtu akuambie barua haina mdomo. "Barua inasemaje?" tumeuliza hivyo tangu zamani, na hata methali tunasema inasema ilhali haijawahi kushika kalamu. Wahenga walisema, au walinena ukitaka kupamba, ila hawakuandika, hilo liache.

Swali la kujiuliza ni nani atajibu ikija kesi. Kama ni waraka, fomu, sheria, mkataba, kitu ambacho kimeshatoka mikononi mwa mtu na kinasimama chenyewe, iache karatasi iseme: mkataba unasema, fomu inataka, sheria inakataza. Kama ni maoni, mtu amekaa kaandika anachoona yeye, mrudishe mwenye maoni: mwandishi anaona, mwandishi anapendekeza. Makala haiwezi kuamini kitu. Nimeona mara nyingi "makala inaamini kwamba" na mimi nabaki najiuliza inasali wapi.

Kuna kitu kingine kidogo lakini kinagombanisha watu kazini. "Bosi kasema likizo ni wiki mbili." Kasema kwa mdomo au kaandika? Kwenye mazungumzo ya kawaida haina shida, ujumbe wa simu pia tunasema "kasema". Ila jambo likiwa na uzito tenganisha: aliniambia ni ya mdomo, aliniandikia ni ya maandishi. Siku mambo yakiharibika huo ndo ushahidi ulio nao au usio nao, na ukishazoea kuandika "alisema" kwa kila kitu utashindwa hata wewe kukumbuka ilikuwaje.

Hatua ya 4: Maandishi yanafanya kazi gani?

Hii haraka. Sio maandishi yote yanasema, mengine yanaomba, yanaagiza, yanaonya, yanauliza, yanaalika, yanakumbusha, yanaorodhesha. Soma sentensi halafu jiulize ingekuwa ni mtu amesimama mbele yako angekuwa anafanya nini. Jedwali linaonyesha. Cheti kinathibitisha. Kamusi inatoa maana. Risiti inaonyesha, haisemi sana. Fomu inauliza au inataka. Kukiwa na "tafadhali" ni ombi, kukiwa na "lazima" ni agizo, na kukiwa na vyote viwili kwenye sentensi moja, kama maofisi yanavyopenda, basi ni agizo lililopigwa pasi.

Epuka tu kuvaa nguo moja mara mbili: tangazo linatangaza, onyo linaonya, ripoti inaripoti, maelezo yanaeleza. Sio kosa la sarufi ila msomaji anasinzia.

Hatua ya 5: Pima uzito, hapa ndo watu wanaumizana

Kila kitenzi cha kusimulia maandishi kinasema mambo mawili kwa wakati mmoja, kinasema maandishi yamefanya nini na kinasema we unayaonaje. Hilo la pili ndo linatoroka bila wewe kujua.

Vipo vitenzi baridi, havina upande: sema, eleza, andika, taja, taarifu. Ukiwa na haraka au huna uhakika, kaa hapa, hakuna mtu amewahi kugombana kwa sababu ya "inaeleza".

Halafu kuna "dai". Ukisema "ripoti inadai maji ni salama" umeshawaambia watu kwamba we huamini, au angalau hutaki kushikwa shati. Ni sahihi kama kweli hakuna uthibitisho na unataka kukaa mbali. Lakini kuna waandishi wanaitumia kama kisawe cha "sema" ili tu wasirudie neno, aya nzima inasema, inaeleza, inadai, inabainisha, kama mtu anayebadilisha kofia, na msomaji anabaki hajui kwa nini ghafla profesa amekuwa mwongo katika sentensi ya tatu. Kurudia "anasema" mara nne sio dhambi. Ongeza kwamba "dai" ina maisha mengine kabisa kwenye mambo ya pesa, "fulani anadaiwa" inaweza kuwa ana tuhuma au ana deni, na maskini saa nyingine ana vyote.

Upande wa pili kuna vitenzi vinavyounga mkono: thibitisha, bainisha, dhihirisha, weka wazi. Ukisema "barua inathibitisha kwamba alilipa" umetoa hukumu, kwamba alilipa na mjadala umefungwa. Kama barua imeandikwa na huyo huyo anayesema alilipa, haithibitishi chochote, inasema tu. Onyesha iko njia moja na hizi ila ni nyepesi kidogo (wengine wanaandika onesha, zote zinaeleweka, chagua moja).

Baini na bainisha zinachanganywa kila siku. Kubaini ni kugundua, kubainisha ni kuweka bayana ili wengine waone. Kwa hiyo wachunguzi wamebaini, ripoti yao imebainisha. "Ripoti imebaini" imeshazoeleka kwenye habari na mimi kwenye mazungumzo simkamati mtu, ila kwenye maandishi yangu naiacha, karatasi haijagundua kitu, imebeba tu.

Kundi la mwisho ndo lililoniponza. Kuna vitenzi ambavyo haviji peke yake, vinakuja na historia nyuma. Kiri inataka kuwe na kosa au tuhuma kabla. Kanusha inataka kuwe na mtu aliyekusingizia au aliyesema jambo kwanza. Fichua inataka kuwe na kitu kilichofichwa. Jitetea inataka umeshambuliwa. Kwa hiyo kabla hujaandika "amekanusha", jiulize: nani alisema kwanza? Kama hakuna, mtu aliandika tu "sijawahi kufanya kazi pale", basi ameandika hajawahi kufanya kazi pale, hajakanusha. Ukisema amekanusha umeshawapa wasomaji swali la kujiuliza, kumbe kulikuwa na maneno?

Taja nayo ina tabia zake. Kutaja ni kupitia jina tu, neno zuri lisilo na madhara, ila ukiweka mtu kwenye kiti cha kutajwa na upande wa pili ukaweka ripoti, "ametajwa kwenye ripoti", watu wanasikia pingu. Hata kama ripoti ilimtaja kwa kumshukuru kwa kutoa viti. Malizia sentensi basi, ametajwa miongoni mwa waliosaidia.

Sisitiza itumie pale mwandishi kweli amesisitiza, yaani amerudia, ameweka "lazima", amepiga mstari chini, ameandika herufi kubwa zote. Sio kila sentensi unayoipenda wewe mwandishi ameisisitiza.

Na hii naomba tuiache kabisa: "mwandishi anajaribu kusema kwamba". Anajaribu? Ameshindwa? Kama umeelewa, amesema. Kama hujaelewa, sema hujaelewa.

Hatua ya 6: Angalia kitenzi kinataka nini mbele yake

Ukishapata kitenzi chenye uzito sahihi bado hujamaliza, kwa sababu sio vyote vinakubali "kwamba". Sema kwamba, eleza kwamba, dai kwamba, onyesha kwamba, bainisha kwamba, hizo zinakwenda. (Kwamba au kuwa, zote sawa, mi natumia kuwa pale ambapo kwamba zimeshakuwa nyingi.) Lakini zungumzia, jadili, gusia na husu hazitaki kwamba, zinataka jambo. "Ripoti imezungumzia kwamba maji yamepungua" ni kosa ambalo linasikika kila siku hata kwa watu wanaolipwa kuongea. Ripoti imezungumzia upungufu wa maji, au ripoti imesema maji yamepungua. Ni tofauti ya maana pia, ukizungumzia jambo umetaja mada tu, hujasema ripoti ilifikia wapi.

Eleza na elezea: mi nafanya hivi, eleza inabeba taarifa (inaeleza kwamba maji yamepungua), elezea inabeba namna au hali (inaelezea jinsi maji yalivyopungua). Wapo wanaoona eleza inatosha kote na elezea ni mkia usio na kazi, sitagombana nao.

Ambia haiwezi kutembea bila mtu. Barua inaniambia, inatuambia, inamwambia. "Barua inaambia kwamba" imekatika katikati. Onya vivyo hivyo inapenda mtu, inawaonya wateja wasiache mizigo.

Halafu kuna hili la umbo la kitenzi kinachofuata, dogo ila linabeba mzigo mkubwa kweli. Linganisha: barua inasema anakuja Jumatatu, barua inasema aje Jumatatu. Kitenzi ni kile kile "inasema", lakini ya kwanza ni habari na ya pili ni amri. Inasema umelipa, inasema utalipa, inasema ulipe, hayo ni maisha matatu tofauti. Mtu anayemsomea mwenzie barua kwa haraka akakosea hapo anaweza kumfanya mtu apange safari ambayo hakuna aliyemwita.

Na kwenye hiyo hiyo kusoma kwa haraka kuna tatizo la nafsi. Barua ya kaka inasema: nitakuja kesho. We unamwambia mama "barua inasema nitakuja kesho". Nani atakuja, we au kaka? Kwa kalamu una alama za kunukuu zinakuokoa, kwa mdomo huna, kwa hiyo geuza: inasema atakuja kesho. Na hiyo "kesho" pia igeuze kwa hesabu ya tarehe ya barua, mana kesho yake inaweza kuwa ilishapita juzi.

Bado moja, hii ndo naiona sana kwenye ripoti: "Kwa mujibu wa ripoti hiyo inasema kwamba maji yamepungua." Umemtambulisha msemaji mara mbili. "Kwa mujibu wa ripoti hiyo, maji yamepungua" inatosha, au "ripoti hiyo inasema maji yamepungua". Kulingana na, kwa mujibu wa, zote hizo zimeshameza "inasema" ndani yake. Na "inasemekana" isije kabisa kama una karatasi mkononi, hiyo ni ya maneno ya barabarani ambayo huyajui mwenyewe ni nani. "Inasemekana kwenye barua" inachekesha, barua si hiyo umeishika?

Hatua ya 7: Ngeli na wakati

Ngeli fupi tu kwa sababu unazijua ila vidole vikiwa vinakimbia kwenye simu zinateleza. Barua inasema, barua zinasema. Kitabu kinasema. Tangazo linasema, matangazo yanasema. Mkataba unasema, mikataba inasema. Ujumbe unasema. Waraka unasema, nyaraka zinasema. Maandishi yanasema. Makala utakuta wengine "makala hii inasema" na wengine "makala haya yanasema", shika moja usibadilishe katikati ya ukurasa.

Wakati una mambo zaidi. Maandishi yaliyopo bado yanasema, hata kama yana miaka 100, kwa hiyo "-na-" ndo ya kawaida: mkataba unasema. "-me-" ni ya kitu kibichi, kimetoka sasa hivi: taarifa imesema, ndo mana watangazaji wanaipenda. "-li-" tumia kwa makusudi, kwa sababu ukisema "tangazo lilisema mkutano ni saa nne" mtu atakuuliza, kwani umebadilishwa? Hiyo "li" inaacha harufu kwamba mambo hayapo tena kama yalivyokuwa. Na kwenye vichwa vya habari kuna ile "-a-" fupi: ripoti yasema, gazeti ladai, kitabu chaeleza, mkataba wataka. Ni nzuri kwa kichwa cha habari, ila ukiandika ripoti nzima hivyo utaonekana unauza magazeti.

Hatua ya 8: "Hausemi" sio sawa na "unasema hapana"

Hii ningeweza kuiweka ya kwanza. Mkataba hausemi utarudishiwa pesa. Mkataba unasema hutarudishiwa pesa. Sentensi zinafanana kama mapacha na kila mmoja ana tabia zake. Ya kwanza mkataba umenyamaza, una nafasi ya kuuliza, kuomba, kubishana, pengine sheria nyingine inajibu. Ya pili mlango umefungwa kwa maandishi na labda umesaini mwenyewe.

Nimeshuhudia watu wanaacha haki zao kwa sababu aliyewasomea alisema "mkataba umekataa" kumbe mkataba haukugusa kabisa hilo jambo. Kwa hiyo maandishi yakiwa hayana kitu, kuwa mkweli: hausemi chochote kuhusu hilo, haujagusa hilo, uko kimya. Usimgeuze aliyenyamaza akawa amekataa, wala usimgeuze akawa amekubali, hiyo nayo ipo, "sheria inaruhusu" wakati sheria haijakataza tu.

Tujaribu sasa na barua moja nzima

Chukua barua ya maktaba kwa msomaji wake: "Ndugu msomaji, kumbukumbu zetu zinaonyesha kuwa vitabu 2 ulivyoazima havijarudishwa. Tafadhali virudishe kabla ya tarehe 30. Kama umesharudisha, puuza barua hii."

Mtu wa kwanza anasimulia: maktaba inamtuhumu kaiba vitabu. Hapo kidole hakitui popote, hakuna wizi humo.

Wa pili: maktaba inasema hajarudisha vitabu. Karibu, lakini maktaba wenyewe walikuwa waangalifu kuliko yeye, walisema kumbukumbu zao zinaonyesha, yaani wamejiachia nafasi kwamba daftari linaweza kukosea, na hiyo nafasi msimuliaji kaifuta. Bora: barua inasema kwamba kwa kumbukumbu zao vitabu 2 havijarudi.

Wa tatu: maktaba inamdai vitabu 2. Hii ni nzuri, fupi, na "dai" hapa iko kwenye ile kazi yake ya deni, haina shaka ndani. Ila akiandika "maktaba inadai kwamba hajarudisha" imegeuka, sasa anaonekana yuko upande wa msomaji. Ona "kwamba" ilivyohamisha kitenzi kizima.

Sentensi ya pili ina tafadhali, kwa hiyo inamwomba avirudishe. Inamtaka avirudishe ni nzito kidogo na bado inavumilika kwa sababu kuna tarehe. Inamwamuru, hapana. Inamtishia, wala, hakuna faini iliyotajwa hapo. Sentensi ya tatu watu wengi wanairuka kabisa, na ndo inayosema barua nzima ni ya aina gani. Ukiijumlisha yote, kitenzi kimoja kinachoifunika barua hii ni "inamkumbusha". Ukimwambia mwenye barua "maktaba wanakukumbusha vitabu" atakwenda kuangalia kwenye kabati, ukimwambia "maktaba wanakutuhumu" atakwenda kugombana na mtu wa mapokezi.

Ule muhtasari wangu tuliurekebisha pale pale kikaoni. Nilifuta "amekiri" nikaweka "ameeleza", nikampa mweka hazina asome. Akasoma, akavua miwani, akasema andika "ametaarifu", kwa sababu "ameeleza" nako ni kama kuna mtu alimuuliza.